Ghala na Kumbukumbu: Mashine Kuukuu na Ngano za Pwani ya Kusini

Neno kuhifadhi katika Kiswahili lina maana mbili ambazo wazungumzaji wa pwani huzitumia bila kuona mgongano wowote baina yake. Mkulima huhifadhi mahindi darini. Kijana wa madrasa huhifadhi Kurani kifuani. Katika matumizi ya kwanza kitu huwekwa mahali, na aliyekiweka akaenda zake. Katika matumizi ya pili mtu mwenyewe ndiye mahali, na akienda zake amekwenda nacho. Neno kumbukumbu nalo limezidi kubebeshwa mizigo: ni ukumbusho wa aliyefariki, ni muhtasari wa mkutano, ni nyaraka za serikali, na tangu kompyuta zilipoingia maofisini mwetu limekuwa pia jina la kile kipande cha mashine ambacho mafundi wa Mombasa hukiita RAM. Insha hii inahusu kipande hicho. Inakusudia kueleza jinsi kazi ya kuiongezea mashine kuukuu kumbukumbu, kazi ambayo fundi yeyote angeimaliza kwa nusu saa, ilivyonirudisha kwenye ngano moja ya Kidigo, na kunifanya nitilie shaka tashbihi ambayo sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumeikariri kwa zaidi ya miaka sitini.

Tashbihi yenyewe ni ile ya mzee na maktaba. Ilipata umaarufu kupitia kwa Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyeitetea fasihi simulizi ya Afrika mbele ya UNESCO mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo imekuwa kama shahada ya kuingilia katika taaluma yetu. Hapana shaka kwamba imefanya kazi kubwa. Wakati ambapo vyuo vingi vilikuwa bado vinauliza kama kisichoandikwa kinastahili kuitwa fasihi, kumlinganisha mzee na jengo lililojaa vitabu kulikuwa hoja ambayo hata msikilizaji mkaidi aliielewa. Lakini tashbihi yoyote hupendelea upande mmoja wa kitu, na hii imempendelea mzee kama ghala. Imetufanya tuamini kwamba matini zilikuwemo ndani yake, zimepangwa safu kwa safu, na kwamba kazi ya mtafiti ni kuzitoa kabla paa halijashika moto.

Sasa mashine. Ni seva ndogo ya HP, ProLiant MicroServer N40L, ya mwaka 2011, kijisanduku cheusi kinachoweza kukaa juu ya kabati la vitabu, chenye nafasi nne za diski na nafasi mbili tu za RAM. Ilitoka kiwandani ikiwa na gigabaiti 2 za RAM. Imo nyumbani kwangu Diani, na ndani yake mna sauti zilizotolewa katika kaseti 140 za dakika 90 kila moja, zilizorekodiwa kati ya mwaka 1984 na 1999 katika vijiji vya kuanzia Gazi hadi Vanga. Baadhi nilizirekodi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi na baadaye mhadhiri. Nyingine nilizirithi kwa mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyependa kinasa sauti chake kuliko baiskeli yake. (Kwa desturi ya zamani ya Wadigo mali ilipitia upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, kabla ya mgao wa sheria ya Kiislamu kushika nafasi hiyo baada ya mabishano marefu. Kaseti zilinifikia kwa njia ya zamani, na hakuna aliyeona haja ya kwenda kwa kadhi.)

Hesabu ya ghala ni rahisi. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri kwamba rekodi za urithi zisigeuzwe kuwa dijitali kwa kiwango kilicho chini ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli. Kwa mikondo miwili ya sauti, hiyo ni takribani megabaiti 17 kwa dakika. Kaseti ya dakika 90 basi inakuwa faili la gigabaiti moja na nusu hivi, na kaseti zote 140 hazifiki gigabaiti 220. Diski nilizonazo zina uwezo wa terabaiti 2, ikiwa na pacha wake anayenakili kila kitu. Kwa maneno mengine, sehemu tisa katika kumi za ghala zilikuwa tupu. Hata hivyo mashine ilikuwa ikikosa pumzi.

Ilikosa pumzi kwa sababu kazi yetu haikuwa ya kuweka, ilikuwa ya kulinganisha. Wanafunzi wawili wa uzamili walikuwa wakija Diani siku za Jumamosi kuandaa unukuzi, nao walitaka kuona michoro ya mawimbi ya sauti ya masimulizi mawili ya ngano moja, moja juu ya nyingine, ili waone mahali ambapo fanani alivuta, alipokata na alipoimba. Programu tuliyoitumia hupakia faili zima ndani ya RAM kabla ya kulichora. Faili la kwanza, lenye gigabaiti moja na nusu, liliingia. La pili halikuingia. Gigabaiti 2 toa moja na nusu, toa zile ambazo mfumo wenyewe unazihitaji ili uweze kusimama, hakibaki kitu.

Mashine isiyo na nafasi haikatai kazi, hujaribu kujikimu. Huchukua kilicho katika RAM, ikakisogeza kwenye diski, ikaleta kingine, kisha ikihitaji kile cha kwanza ikakifuata tena. Msomaji ambaye hajawahi kusikia mlio wa diski iliyo katika hali hiyo afikirie mtambaji ambaye kila akifika mwisho wa sentensi hana budi kuinuka, aingie ndani, afungue kasha, atafute neno linalofuata, atoke nalo barazani, aketi, alitamke, kisha ainuke tena. RAM hujibu kwa muda unaokaribia sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka huhitaji kama sehemu moja ya mia. Tofauti ni mara laki moja. Hadhira yoyote ingekwisha kulala.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kununua mashine mpya, ya pili kukodi nafasi kwa makampuni ya ng'ambo, na ya tatu kuiongezea hii. Njia ya pili ndiyo iliyopendekezwa na wengi, hasa vijana, nao wana haki ya kushangaa kwa nini mtu anayeishi mahali ambapo nyaya za chini ya bahari zimefika tangu mwaka 2009 ang'ang'anie kijisanduku cha nyumbani. Jawabu langu ni neno moja, nalo ni amana. Katika kaseti hizo mna nyimbo za pungwa zilizoimbwa kwa sharti kwamba zisichezwe mbele ya watu wasiohusika. Mna wazee waliozungumza habari za kaya kwa mtu waliyemjua baba yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inatambua kwamba mali ya aina hii ina wenyewe. Lakini hata pasipo sheria, aliyeniambia "hii ni yako wewe" hakuwa na maana ya ghala la mtu mwingine katika nchi nisiyoweza kuitaja. Yamkini msomaji ataniona mshamba kwa hili. Na anione.

Mashine mpya nayo ilikuwa na hoja zake. Mfumo niliokuwa nikiutumia umebadili jina na kuwa TrueNAS, na matoleo yake ya leo yanataka gigabaiti 8 za RAM kama kiwango cha chini kabisa. Kubaki na toleo la zamani ni kubaki na mlango ambao kitasa chake hakitengenezwi tena. Hata hivyo N40L inakubali gigabaiti 8, kwa mujibu wa waliyoitengeneza. Kuna watu walioiwekea 16 na ikakubali, lakini sikuona sababu ya kuitaka iishi kwa miujiza. Kwa kiwango cha 8, masimulizi manne yangeweza kukaa mbele yetu kwa pamoja na bado mfumo ukawa na pa kupumulia. Nne zilitutosha. Ni nadra kupata ngano ambayo fanani mmoja ameisimulia mbele ya kinasa sauti zaidi ya mara nne.

Nilivuka Likoni kwenda kutafuta. Katika maduka ya karibu na Barabara ya Digo (jina la barabara hiyo lilinipa faraja isiyo na msingi) vijiti vya RAM vya kizazi cha DDR3 bado vinapatikana katika mitumba ya kompyuta kutoka Ulaya, vimewekwa ndani ya masanduku ya viatu. Muuzaji hupenda kukupa vile vilivyotoka katika seva kubwa, kwa kuwa umesema unataka vya seva. Havifai. Seva kubwa hutumia vijiti vyenye kipande cha kati kinachopokea amri na kuzipitisha, ilhali mashine hii ndogo hutaka vijiti visivyo na msaidizi huyo. Vinachomekeka vizuri kabisa na mashine haiwaki. Nilivyotaka mimi vilikuwa visivyo na msaidizi lakini vyenye uwezo wa kusahihisha makosa ya biti moja moja, na hivyo nilivipata katika sanduku la tatu, viwili, vya gigabaiti 4 kila kimoja. Bei yake ilikuwa nafuu, ingawa muuzaji hakuacha kunikumbusha kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili bandia vinazinunua kama siafu waliofika kwenye asali. Alikuwa akisema kweli kuhusu RAM mpya. Kuhusu zile za sanduku la viatu alikuwa akifanya biashara.

Kilichobaki kilikuwa ufundi wa pwani. Hewa ya bahari hula shaba na bati, na msimu wa kusi ukiingia chumvi hufika mpaka ndani ya vitasa vya kabati. Niliifungua mashine, nikapuliza vumbi, nikamtoa mjusi kafiri aliyekuwa amekufa chini ya diski ya tatu, nikasugua meno ya vijiti kwa ufutio wa penseli mpaka yakang'aa, nikavichomeka. Iliwaka mara ya pili. Ikahesabu gigabaiti 8 na kuendelea na kazi zake kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kabla ya kufika kwenye ngano ningependa kukaa kidogo kwenye jambo ambalo mashine hii hufanya mara moja kila mwezi. Mfumo wake wa kupanga mafaili, uitwao ZFS, huandika namba ya ukaguzi pamoja na kila kipande cha data. Kila mwezi husoma data yote tangu mwanzo hadi mwisho, ikahesabu upya namba hizo, na pale ambapo namba hailingani, yaani biti imeoza kimyakimya, ikachukua nakala nzima kutoka kwa diski pacha na kurekebisha. Mtu aliyelelewa Msambweni hahitaji kufafanuliwa hili. Hafidhi hafanyi vinginevyo. Aya zake 6,236 hazikai kifuani kwa sababu ziliingia. Hukaa kwa sababu hudurusiwa, na mbele yake huketi mwenzake anayesikiliza na kumrudisha akiteleza hata kwenye irabu moja. Usiku wa Ramadhani, katika tarawehe, nyuma ya imamu huwapo mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Kifua cha hafidhi ni ghala kwa maana kamili ya neno, ghala lenye ulinzi ambao diski zetu zimeuvumbua juzi. Aliyemlinganisha mzee na maktaba, kama alikuwa akimfikiria mtu wa namna hii, hakukosea hata chembe.

Lakini bibi aliyesimulia ngano zetu hakuwa hafidhi.

Alikuwa mama wa watoto saba, wa kijiji kilicho kusini ya Msambweni, na alirekodiwa akisimulia ngano ileile mara mbili: mwaka 1987 na mwaka 1996. Alifariki mwaka 2003. Ngano yenyewe ni ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kwao akaolewa na mgeni mzuri aliyetoka baharini. Mgeni akafichuka kuwa si mtu. Hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Afrika asiyeijua katika sura moja au nyingine. Katika simulizi la 1987, mdogo wake wa kiume anamfuata, anasikia wimbo wake kutoka majini, anakwenda kumchukua, wanarudi, watoto wanacheka. Katika simulizi la 1996 mdogo mtu hayumo. Wimbo unaimbwa mara tatu badala ya mara moja, msichana anabaki alikobaki, na ngano inaishia kwa mama anayeteremka ufuoni kila maji ya bamvu yanapojaa.

Wanafunzi wangu, ambao ni wasomaji makini, walifikia hitimisho moja kila mmoja kwa njia yake: bibi alikuwa amezeeka, kumbukumbu yake ilikuwa imepungua, na alipofika katikati alisahau kipande cha mdogo mtu. Simulizi la 1996 basi ni toleo lililoharibika. Mmoja alipendekeza, wakati ule ambapo mashine ilikuwa bado na gigabaiti 2 na kila faili lilionekana kama mzigo, kwamba tuliondoe katika hifadhi tunayoifanyia kazi na kubaki na lile "kamili". Nilikataa kwa sababu za kiutawala tu. Faili halifutwi pasipo wenyewe kuulizwa.

Mwanafunzi huyohuyo alileta programu ya kunukuu sauti iitwayo Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022. Hiyo nayo ilikuwa imesubiri RAM, kwa kuwa toleo lake la kati, hata likiendeshwa kwa njia nyepesi, hudai kiasi cha gigabaiti 2 peke yake. Tuliiacha ifanye kazi usiku kucha juu ya simulizi la 1996. Asubuhi ilikuwa imetupa kurasa kumi na moja za Kiswahili. Bibi alikuwa amezungumza Chidigo mwanzo hadi mwisho. Programu hiyo inakijua Kiswahili, haikijui Chidigo, na kama afisa wa zamani anayeandika majina ya watu jinsi anavyoyaelewa yeye, kila aliposema madzi iliandika maji, kila aliposema atu iliandika watu, na pale ambapo neno halikuwa na ndugu wa karibu katika Kiswahili iliweka lolote lililofanana kwa sauti. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili ipo, Mgombato ya mwaka 2004, na sarufi yake imekwisha kuandikwa; mashine haikuwa imesoma chochote kati ya hivyo.

Makosa hayo yanarekebishika. Kilichonishtua kilikuwa kingine. Baada ya wimbo kuimbwa mara ya tatu, mahali ambapo hadhira ilipaswa kuitikia, pana kimya. Katika unukuzi wa mashine mahali hapo palikuwa na sentensi nzima, safi, isiyo na kosa la kisarufi, iliyowashukuru watazamaji. Programu hii inajulikana kwa tabia hiyo. Ikikuta kimya hujaza, maana imefunzwa kwamba palipo na sauti pana maneno. Tulicheka sana. Kisha tukafungua masimulizi yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo sasa liliwezekana, tukayapanga wimbo juu ya wimbo. Mchoro wa 1987 ulikuwa na mawimbi ya bibi yakifuatwa papo hapo na mawimbi mazito zaidi ya hadhira. Chini yake, mchoro wa 1996 ulikuwa na mawimbi ya bibi, kisha mstari mnyoofu. Sekunde kumi na nne. Kisha bibi peke yake, akiitikia wimbo wake mwenyewe.

Mtu aliyesahau hafanyi hivyo. Anayesahau husita kabla ya neno, hurudia, hujaza kwa "ikawa, ikawa". Hapa kila kitu cha fanani kilikuwa mahali pake. Kilichokosekana kilikuwa cha hadhira.

Milman Parry na Albert Lord, waliofanya utafiti miongoni mwa waimbaji wa tendi wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, walitufundisha, hasa kupitia kitabu cha Lord cha mwaka 1960, kwamba mwimbaji wa utendi hatoi matini iliyokwisha kuwekwa. Huiunda anapoimba, kwa vipande anavyovijua, akiwatazama walio mbele yake. Kila mmoja wetu amelifundisha hili darasani. Jioni tukarudi nyumbani na kumwita mzee maktaba. Mashine yangu ndiyo iliyonionyesha kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Alichokuwa nacho bibi yule hakikuwa diski. Kilikuwa kile kingine: mahali ambapo ngano, wimbo, nyuso za waliohudhuria, habari za kijiji za wiki ile na hali yake mwenyewe viliweza kuwapo kwa wakati mmoja, vikagusana, na kutoka kwake likazaliwa simulizi la usiku ule. Umeme ukikatika, kama ulivyokatika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, kilichomo katika diski hubaki; kilichomo katika RAM hutoweka bila kuacha hata jivu. Kaseti zetu zimenusuru masimulizi mawili. Simulizi la tatu, ambalo angelifanya mbele ya watu wengine, halikuwahi kuwemo mahali popote ili liokolewe.

Ulinganisho wangu nao una kilema, na sitaki mhakiki mwenzangu apate taabu ya kukitafuta. RAM haina jicho. Haichagui kipande kipi kikutane na kipi. Ni uwanja tu, na anayecheza ni mwingine. Isitoshe, hafidhi na mtambaji si watu wawili daima. Bibi huyu alikuwa na sura zake za Kurani alizozihifadhi herufi kwa herufi, na wimbo wa ngano nao, ukitazama michoro, umeimbwa 1987 na 1996 bila kubadilika hata silabi. Katika simulizi moja mna sehemu za ghala na sehemu za uwanja. Pengine kazi ya uhakiki wa fasihi simulizi ingeanzia hapo, kwenye kuzitenganisha, badala ya kuorodhesha fani na maudhui kama tulivyozoea.

Faili halisomwi pasipo wenyewe, nimesema. Tulimwalika binti wa bibi, mwanamke mwenye wajukuu sasa, aliyekuwapo katika usiku wote miwili. Aliketi mbele ya kioo, akasikiliza, akaitambua sauti ya kikohozi cha baba yake. Tulipofika kwenye kimya aliinua mkono.

"Mwalimu, hapo msijaze kitu," alisema. "Hapo ni sisi. Tulishindwa."

Dada yake mkubwa, alieleza, alikuwa ameolewa mwaka 1994 na mtalii aliyefikia katika hoteli moja ya Diani, wakaondoka pamoja kwenda Ulaya. Barua zilikuja mwaka mmoja. Mwaka wa pili zikakatika. Simu hazikuwapo kijijini, na anwani iliyokuwa nyuma ya bahasha ilirudisha barua tatu. Usiku ule wa 1996 mama yao aliombwa na mgeni mwenye kinasa sauti (ndiye mjomba wangu) asimulie chochote apendacho, naye akaichagua hiyo. Watoto wake waliokuwa wameketi mkekani walijua tangu sentensi ya pili ni nani anayesemwa. Mdogo mtu wa kiume aliyeachwa nje ya ngano alikuwapo pale, kijana wa miaka ishirini, hana pasipoti, hana nauli, na mama yake hakutaka kumbebesha mbele ya wageni safari asiyoiweza. Kwa hiyo alimtoa. Binti alinipa ruhusa ya kuyaandika haya bila jina la mtu wala la kijiji.

Mwanafunzi aliyetaka faili lifutwe alikuwa ameketi kando yetu, akiandika. Aliuliza, kwa heshima, kama dada huyo alipata kurudi.

Alirudi mwaka 2001, mama yao akiwa hai. Na usiku wa tatu baada ya kurudi kwake mama yao aliisimulia ngano ile tena, wote wakiwapo, pamoja na mdogo mtu. Mjomba wangu alikuwa amekwisha kufariki, nami nilikuwa nikifundisha mbali, kwa hiyo hakuna kaseti. Binti anakumbuka kwamba ilikuwa ndefu kuliko zote mbili, na kwamba mdogo mtu alikuwamo, ila hakumfuata dada yake majini. Alifanya jambo jingine. Nilimwomba atusimulie. Kinasa sauti kilikuwa tayari mezani, na katika mashine palikuwa na nafasi ya faili la tatu kando ya yale mawili.

Akatazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu ya minazi, na ngano, alinikumbusha, haitambwi mchana. Atakuja na wajukuu zake baada ya Isha, Alhamisi ya wiki ijayo, maana lazima wawepo wa kuitikia.